Malipo ya Wafanyakazi wa Viwanda vya Vyombo vya Chuma

Sufuria, misumari, mabati na bawaba za milango ni vitu vinavyohitajiwa katika kila nyumba, lakini ni wachache wanaofikiri juu ya malipo ya watu wanaovitengeneza. Mfanyakazi husema kwamba alipwacho ni kidogo. Tajiri wake husema kwamba gharama ya mfanyakazi ni kubwa. Huenda wote wawili wakawa wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja huhesabu fedha akiwa mahali pake.

Utazamwe mfano wa Nairobi. Tangu Novemba 1, 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida mjini humo kiliwekwa kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Ikiongezwa posho ya nyumba ya asilimia 15, jumla yapata Sh. 18,530. Kwa makato ya mwaka 2025, asilimia 6 ya fedha hizo hukatwa kwa ajili ya akiba ya uzeeni (NSSF), asilimia 2.75 kwa bima ya afya, na asilimia 1.5 kwa ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Basi mfanyakazi hupokea mkononi yapata Sh. 16,630. Tajiri naye hutoa juu ya mshahara asilimia 6 nyingine ya akiba, asilimia 1.5 ya nyumba, na Sh. 50 za mafunzo ya kazi. Kwake yeye, mtu yule yule amegharimu yapata Sh. 19,970. Tofauti ya Sh. 3,340 ndiyo chanzo cha maneno mengi. Mafundi wenye ujuzi, na wale ambao chama chao kimepatana na matajiri, hupata zaidi ya kima hicho.

Jambo la pili ni bei za vitu. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa Mwafrika usiwe wa kumtosha mseja tu, bali umtoshe mtu na jamaa yake. Lakini shilingi nyingi si lazima ziwe chakula kingi. Kima cha kibarua wa Nairobi kilikuwa Sh. 13,572.90 mwaka 2018. Hadi mwisho wa 2024 kilikuwa kimepanda kwa asilimia isiyofika 19, na katika muda huo bei zilipanda kwa zaidi ya theluthi moja.

Je, tajiri aweza kuongeza mshahara pasipo kupandisha bei ya misumari? Aweza, ikiwa kazi ya siku moja itazaa zaidi. Tuseme mtu alipwaye Sh. 800 kwa siku atoa kilo 200 za misumari: kila kilo imebeba Sh. 4 za malipo yake. Akipewa mashine ya kutoa kilo 400, na kulipwa Sh. 1,000, kila kilo itabeba Sh. 2.50 tu. Lakini mashine nayo hununuliwa, na sehemu kubwa ya chuma hutoka ng'ambo, kwa bei isiyopangwa Nairobi.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wako nje ya hesabu hii. Wengi wao hulipwa kwa kila sanduku au jiko walilolimaliza. Bati likipanda bei, faida ya fundi hupungua siku iyo hiyo, wala hakuna tajiri wa kumwekea nusu ya akiba ya uzee wake. Fundi atakaye akiba hiyo huitoa yote mwenyewe.