Risasi Isiyo na Mlio

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na risasi ni madini yenyewe, laini na mazito, ambayo kwayo ile ya kwanza hutengenezwa. Askari huijua ya kwanza kwa mlio wake. Mazungumzo yetu leo yahusu ya pili, ambayo haina mlio, na yahusu mji wa Kabwe katika nchi ya jirani zetu Wazambia.

Abiria wa TAZARA ateremkaye Kapiri Mposhi, akiendelea kusini kiasi cha kilomita 60 kuelekea Lusaka, hufika Kabwe. Wakoloni waliuita Broken Hill, kwa jina la mgodi wa Australia, kwa sababu mawe yaliyoonekana hapo mwaka 1902 yalifanana na ya huko. Reli ilifika mwaka 1906, na kwa muda mrefu zinki na risasi zikasafiri juu yake kwenda ng'ambo.

Utajiri huo umo katika mwamba wa dolomaiti, ndugu wa mawe ya chokaa. Mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, maji ya moto kutoka chini yalipenya katika nyufa zake yakaacha humo zinki na risasi zilizoungana na salfa. Lakini mwamba wa namna hii huliwa na maji. Ndiyo maana mgodi ulisumbuliwa na maji mengi ya ardhini yaliyohitaji kuvutwa kwa pampu, na ndiyo maana kilima chake kilikuwa na pango. Tarehe 17 Juni 1921 fuvu la binadamu wa kale lilipatikana hapo. Vitabu vimehifadhi jina la Mzungu Tom Zwiglaar; la Mwafrika aliyekuwa naye havikulihifadhi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulikadiria umri wa fuvu hilo kuwa miaka 299,000 hivi. Lilipelekwa London, na Zambia imelidai kwa miaka mingi.

Fuvu liliondoka, zinki ikaondoka; kilichobaki ni vumbi. Mgodi ulifungwa mwaka 1994, baada ya kupita katika mikono ya makampuni ya kigeni na kisha ya Serikali. Matanuri ya kuyeyushia mbale yalikuwa yametoa moshi wenye risasi kwa miongo mingi, nao ukatua katika makazi ya jirani kama Kasanda. Makapi ya mgodi yalirundikwa wazi, yakapeperushwa na upepo wa kiangazi.

Risasi haiozi. Haiungui, wala mvua haiimalizi. Mtoto achezaye nje huibeba mikononi na kuitia kinywani. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaiweka akiba katika mifupa, na ubongo unaokua ndio uumiao zaidi. Mtoto aweza kupungukiwa damu, kuwa mzito wa kujifunza, na sumu ikizidi sana hupata degedege hata kufa. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama.

Jambo hili si geni kwa kambi zetu. Askari ashindaye uwanja wa shabaha, hasa ulio ndani ya jengo, huvuta moshi na vumbi la risasi. Anawe kwa sabuni kabla ya kula, wala asiende nyumbani kumpakata mtoto akiwa na sare ile ile.

Zambia haikukaa kimya. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia, mradi mmoja wa kusafisha ulifanyika kati ya 2003 na 2011, na mwingine ukaidhinishwa mwaka 2016. Watoto walipimwa na kutibiwa. Lakini dawa hutoa risasi mwilini tu. Mtoto akirudi katika ua ule ule, huanza upya. Na umaskini huwarudisha watu juu ya makapi yale yale, wakiponda mawe ili wapate riziki.

Mwaka 2020 wanawake na watoto wa Kabwe walifungua shauri Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American, ambayo ilikana kuwajibika. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilikataa wasishtaki kwa pamoja kama kundi, nao wakaamua kukata rufani.