Kahawa Karagwe na Kyerwa: Lawama ya mnunuzi ni mali ikifuatwa hadi kwenye gunia

Wanunuzi wa kahawa ya Karagwe na Kyerwa si watu wa kulalamika kwa sauti. Asiyeridhika na mzigo hupunguza bei, au safari nyingine hanunui kabisa. Kwa muuzaji ukimya huo ni hasara kubwa kuliko lawama, kwa kuwa hauonyeshi kasoro iko wapi.

Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, hulima zaidi robusta. Mkulima huianika pamoja na ganda lake na kuipeleka chama cha msingi kama kahawa ya maganda. Juu ya vyama vya msingi vipo vyama vikuu, kikiwamo KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990 baada ya kujitenga na KCU ya Bukoba. Kati ya mwanikaji wa Nkwenda au Bugene na mkaangaji wa Ulaya ipo mikono mingi, na maoni ya mteja hupotea njiani.

Mwonjaji anasema nini

Hata hivyo maoni hayo yapo, tena kwa maandishi. Kahawa hupimwa unyevu, huhesabiwa punje mbovu, kisha huonjwa. Kila kasoro inayoandikwa huelekeza kidole kwenye kazi fulani. Ladha ya udongo hutokana mara nyingi na kuanika chini. Dawa yake ni turubai au vichanja. Harufu ya ukungu ni dalili ya kahawa iliyofungwa kabla ya kukauka. Kahawa safi inayosafirishwa haitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 12.5. Mawe na vijiti ni uzembe wa kupepeta.

Punje nyepesi za kijani ni kahawa iliyochumwa changa. Hapo muuzaji hupata hasara mara mbili. Kwa kawaida kilo 2 hivi za maganda hutoa kilo 1 ya kahawa safi baada ya kukobolewa. Kahawa changa hutoa chini ya hapo, na hicho kidogo kinachopatikana hushushwa daraja.

Lawama irudi ilikotoka

Tatizo ni kwamba kahawa ya wakulima wengi humwagwa katika lundo moja. Taarifa ya mwonjaji ikirudi, hakuna ajuaye ni ya nani. Mwangalifu analipwa sawa na mzembe, na msimu unaofuata mwangalifu naye anaanza kulegea. Hali hii ilikuwa moja ya sababu za kulalamikiwa kwa ubora wa kahawa nchini baada ya makampuni binafsi kuruhusiwa kununua mwaka 1994, yalipogombea uzito kuliko ubora.

Dawa si ghali: namba kwenye gunia, daftari lenye jina la aliyeleta, tarehe na unyevu, na sampuli ndogo iliyohifadhiwa. Lawama ikija, daftari linafunguliwa, mhusika anaelezwa, na msimu ujao mzigo wake unaangaliwa kwanza.

Fedha za kazi hiyo zaweza kupatikana. Kahawa inayouzwa kwa masharti ya Fairtrade hulipiwa nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, na angalau senti 5 kati ya hizo lazima zitumike kuinua uzalishaji na ubora. Kwa gunia la kilo 60 za kahawa safi, senti 5 hizo ni kama dola 6.60. Wanachama wana haki ya kuuliza zimenunua turubai na vipima unyevu vingapi.

Bei nzuri huficha kasoro

Septemba 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Soko likiwa na njaa kiasi hicho, hata mzigo hafifu hupata mnunuzi, na wakulima wengi hushawishika kuchuma mapema. Bei ikigeuka, mzigo wenye kasoro ndio wa kwanza kukatwa.

Butura nayo, yaani kuuza kahawa ingali mtini au katika maua, huvunja mawasiliano hayo yote. Aliyekwisha kulipwa hana tena sababu ya kusikiliza mnunuzi wa mwisho anataka nini. Serikali imeipiga marufuku, lakini mkulima mwenye shida ya ada ya shule huendelea kushawishika.

Mwenye duka Kayanga au nyumba ya wageni Omurushaka anaweza kutumia njia hiyo hiyo. Daftari liwe na safu tatu: mteja alisema nini, ilikuwa bidhaa au siku gani, na kitu gani kimebadilishwa. Safu ya tatu ikibaki tupu kwa miezi miwili, malalamiko yameandikwa bure.

Kwa wenye kahawa, kazi ya kufanya kabla ya mavuno ni kuomba chama taarifa ya ubora ya msimu uliopita, kutia namba magunia, na kukubaliana kwamba mzigo safi hautachanganywa na mzigo mchafu.