Leseni ya Wakala wa Bima Huishia Mpakani

Kilimani Nakasero, mjini Kampala, ndiko iliko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda. Hapo ndipo wakala wa bima anapoandikwa katika daftari la Serikali na kupewa leseni ya kazi yake. Leseni hiyo humruhusu kuuza bima mahali popote nchini, kuanzia Kisoro hadi Kaabong. Lakini akivuka daraja la Malaba na kuingia Kenya, leseni ile ile haina nguvu yoyote. Huko yeye ni mtu wa kawaida, na akimwuzia mtu bima atakuwa amevunja sheria.

Jambo hili lawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko wanavyodhani. Askari mwenyewe hutibiwa katika hospitali za jeshi kama vile Mbuya na Bombo, au katika vituo vya afya vya polisi. Walakini wazazi wake na ndugu zake hawamo katika mpango huo, na ukoo mmoja mara nyingi hukaa pande mbili za mpaka. Askari wa Tororo aweza kuwa na mama Bungoma. Wa Mutukula, kaka Bukoba. Uganda haijawa na bima ya afya ya taifa: mswada wake ulipitishwa na Bunge mwezi Machi 2021, lakini haukutiwa saini uwe sheria. Kwa hiyo anayetaka kuwakinga jamaa zake huzikimbilia kampuni, na baina yake na kampuni husimama wakala.

Bima ni ahadi. Mtu hutoa fedha taslimu leo, naye hupewa hati isemayo kwamba siku atakapougua, hospitali italipwa na mwingine. Baina ya siku hizo mbili wakala aweza kuhama, kufilisika au kutoweka. Ndiyo sababu kila taifa hudai kwanza limjue mtu huyo na liwe na uwezo wa kumshtaki. Uganda ilianza usimamizi wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1996, iliyounda Tume ya Bima. Marekebisho ya mwaka 2011 yakaipa tume hiyo jina la Mamlaka, na sheria mpya ikafuata mwaka 2017. Kenya iliunda Mamlaka yake mwaka 2007. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2009. Nchini Rwanda kazi hiyo imo mikononi mwa Benki Kuu. Kongo, ambako shirika la Serikali la SONAS lilihodhi biashara yote ya bima tangu miaka ya sitini, ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kwa sheria ya mwaka 2015.

Wakala huhitaji mambo mawili, na ni vema yasichanganywe. La kwanza ni leseni, ambayo hutolewa na Serikali baada ya mwombaji kuonyesha kwamba amejifunza kazi na kulipa ada. La pili ni uteuzi, yaani kampuni ya bima kukiri kwa maandishi kwamba mtu huyu anauza kwa niaba yake. Bila ya uteuzi wakala ni kama dereva mwenye leseni asiye na gari.

Hapo ndipo gharama zinapoanza kuzaana. Leseni huombwa upya kila mwaka, na uteuzi huenda na kampuni moja moja. Tena, kampuni zenye jina moja katika nchi mbili si kampuni moja mbele ya sheria. Jubilee, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1937, ina kampuni yake Kenya na nyingine Uganda, na kila moja imesajiliwa kwake. Aliyeteuliwa Kampala hakuteuliwa Nairobi, ijapokuwa maandishi yaliyo juu ya mlango ni yale yale.

Taabu hii haikuzaliwa Afrika Mashariki. Marekani, ambayo ni nchi moja yenye bendera moja, imeishi nayo kwa zaidi ya miaka 150, kwani huko bima husimamiwa na kila jimbo. Mwaka 1866 mtu mmajoja aliyeitwa Samuel Paul, mkazi wa mji wa Petersburg katika jimbo la Virginia, aliteuliwa kuwa wakala wa kampuni za bima ya moto za New York. Virginia ilikuwa imetunga sheria kwamba kampuni ya jimbo lingine sharti iweke dhamana katika hazina ya jimbo kabla ya wakala wake kupewa leseni. Paul alikuwa tayari kutimiza masharti yote isipokuwa hilo la dhamana. Alinyimwa leseni, akauza bima hata hivyo, akatozwa faini ya dola 50. Alikata rufani hadi Mahakama Kuu ya nchi, nayo mwaka 1869 ikaamua kwamba mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo. Basi kila jimbo lilikuwa na haki ya kuweka masharti yake. Mahakama hiyo iligeuza shauri mwaka 1944, lakini mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyaachia majimbo usimamizi huo, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Matokeo yake huonekana katika mfuko wa wakala wa kujitegemea, yule anayeuza bima ya matibabu ya kampuni kadhaa. Tuseme anahudumia majimbo 10 na kampuni 5. Atahitaji leseni 10, na teuzi zaweza kufika 50. Katika majimbo mengi kampuni hulipa ada kwa kila wakala inayemteua, na huilipa tena mwaka hadi mwaka. Kampuni nyingine, kwa kukwepa hasara, hazimteui mtu mpaka alete mteja wa kwanza. Nyingine humkata wakala mwenyewe. Fedha hizi hazishuki kutoka mbinguni. Mwishowe hutoka kwa yule anayelipia bima.

Wamarekani wamejaribu kulegeza kamba. Sheria ya mwaka 1999 iliyashurutisha majimbo kutambuana, na sasa mwenye leseni ya kwao kwa kawaida hupewa leseni ya jimbo lingine bila ya kufanya mtihani tena. Mtihani uliondoka, ada zikabaki. Sheria nyingine ya Januari 2015 iliamuru kiundwe chombo kimoja cha kumpa wakala kibali cha majimbo mengi, lakini miaka mingi ilipita bila ya bodi yake kuteuliwa. Taifa tajiri kama hilo likikwama hapo, yafaa wenye pupa wapunguze lawama zao kwa Afrika Mashariki.

Hata hivyo Afrika Mashariki ina deni la kulipa. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na Soko la Pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010. Katika soko hilo kila nchi iliandika jedwali la huduma ilizokubali kuzifungulia mlango, na kwa masharti gani. Kufunguliwa mlango hakukumaanisha kufutwa kwa leseni za kila nchi.

Kwa upande wa magari njia ilipatikana zamani. Kadi ya Manjano, iliyoanza kutumika mwaka 1987 chini ya mkataba wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, humwezesha mwenye gari kununua kadi moja kwao na kutambuliwa katika nchi nyingine zilizomo. Hata matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake walioumia ajalini yamo. Lakini homa, kisukari au uzazi havimo. Bima ya matibabu ni ngumu zaidi, kwa sababu ajali ni tukio la siku moja ilhali ugonjwa ni hesabu ya mwaka mzima, na bei ya kitanda cha Nairobi siyo ya Mbale. Ugumu huo ni wa kampuni. Hauelezi kwa nini wakala aliyefaulu mtihani Kampala aufanye upya Nairobi, wala kwa nini ada ya leseni izidi gharama ya kumsimamia. Wakala mdogo wa Busia akizidiwa na ada za pande mbili, atakuwa na mawili: kuacha nusu ya wateja wake, au kuvuka kimya kimya na vitabu vyake mfukoni.

Huyo wa pili ndiye atakayefika mezani pa polisi siku mgonjwa atakapokataliwa hospitalini. Afisa anayeandika malalamiko hukuta hali za namna tatu, zinazofanana kwa sura. Yuko asiye na leseni kabisa. Yuko mwenye leseni halali ya Kenya aliyeuza Uganda, na mbele ya sheria ya Uganda hana tofauti na wa kwanza, ingawa kwao anajulikana na aweza kufuatiliwa. Yuko tena mwenye leseni ya Uganda aliyeteuliwa na kampuni moja akauza hati ya kampuni nyingine. Na kampuni hiyo yaweza kusema haimjui, wala haikupokea senti. Majina ya wenye leseni ya mwaka huwamo katika orodha ya Mamlaka, na uteuzi huulizwa kwa kampuni yenyewe. Mlalamikaji akija na risiti, la kwanza la kutazamwa ni jina lililopigwa chapa juu yake, kama ni la kampuni au la wakala mwenyewe.