Bingwa wa Chemsha Bongo Hana Kamera Kichwani

Kila mchezo wa chemsha bongo wa televisheni ya Marekani, Jeopardy!, unapotoa bingwa mpya anayeshinda wiki hadi wiki, barua zinazonifikia huuliza jambo lile lile: "Daktari, kumbukumbu ya kamera mtu huzaliwa nayo au hufundishwa?" Mzazi mmoja ameniambatishia hata ripoti ya mwanawe wa darasa la nne, akitaka nithibitishe kwamba mtoto anayo. Sithibitishi. Swali lenyewe ni bovu, na nimechoka kulijibu kwa upole.

Kumbukumbu ya kamera, yaani kuutazama ukurasa mara moja kisha baadaye kuusoma kichwani neno kwa neno, si kitu kilichopuuzwa na wanasayansi. Imetafutwa sana. Mwaka 1970 mtafiti wa Harvard, Charles Stromeyer, aliandika katika jarida la Nature habari za mwanamke aliyeonyeshwa kwa jicho moja picha ya nukta 10,000 zilizotawanywa ovyo, kesho yake akaonyeshwa picha nyingine kwa jicho la pili, naye akaziunganisha akilini hadi umbo likajitokeza. Watu walistaajabu, na bado wanastaajabu. Wasichokisimulia ni kwamba Stromeyer alimwoa mwanamke huyo, na jaribio halikurudiwa tena.

Baadaye akaja mtafiti mwingine, John Merritt. Matokeo aliyotoa mwaka 1979 yalitokana na picha za nukta za aina hiyo alizochapisha katika magazeti na majarida, kila msomaji ajipime mwenyewe. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walijaribu. Waliopeleka jibu sahihi walikuwa 30. Waliokubali kutembelewa na kupimwa ana kwa ana walikuwa 15. Walioweza mbele ya macho ya watafiti: hakuna. Kwa hiyo, yule uliyesoma naye sekondari, ambaye mnasimuliana kwamba "alikuwa anapiga picha daftari", naomba tumwache apumzike. Alikuwa anasoma usiku ninyi mkiwa mmelala.

Najua atakayeniandikia kuhusu watoto. Ni kweli, watoto wachache huendelea kuiona picha kwa muda mfupi baada ya kuondolewa mbele yao. Hufifia upesi, hujaa makosa, na mtoto akikua hali hiyo kwa kawaida hupotea. Haimsaidii mtu kwenye mtihani wa darasa la saba, sembuse kwenye televisheni.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kwenye sataranji. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon walimwonyesha bingwa wa mchezo huo ubao kwa sekunde tano tu, kisha wakamtaka aupange upya bila kuutazama. Kete zilipotoka kwenye mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali mwanagenzi. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wote ukayeyuka na wawili hao wakawa sawa. Kamera haijali kama kete zimepangwa au zimemwagwa, inapiga tu. Bingwa alikuwa anatambua mipangilio aliyokwisha kuiona kwa miaka, na hivyo ndivyo anavyokumbuka pia bingwa wa chemsha bongo: jambo jipya hunasa kwa sababu limekuta mengine ya kulishika.

Haya, tuseme kamera ipo. Mwaka 2011 kampuni ya IBM iliingiza Jeopardy! kompyuta yake, Watson, iliyoshiba mamilioni ya kurasa, ishindane na mabingwa wa mchezo huo, Ken Jennings na Brad Rutter. Ilishinda kwa dola 77,147 dhidi ya 24,000 na 21,600. Mnaona? mtasema. Lakini katika swali moja la mwisho, chini ya kichwa kilichotaja waziwazi miji ya Marekani, mashine hiyo ilijibu Toronto. Jennings na Rutter wote wawili walijua kwamba ni Chicago. Kilichowaumiza mabingwa hao kilikuwa kitufe cha kuombea nafasi ya kujibu, zaidi ya ujinga: mara nyingi jibu walikuwa nalo, ila kidole cha mashine kiliwatangulia.

Kitufe ndicho nilichotaka kukifikia tangu mwanzo. Katika Jeopardy! huruhusiwi kubonyeza mpaka mtangazaji amalize kusoma. Mfanyakazi aliye pembeni ndiye anayekifungua, na taa huwaka kando ya ubao. Ukiwahi, kitufe chako hufungwa kwa robo ya sekunde. Binadamu huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kuitikia mwanga, basi anayeisubiri taa humkuta mwenzake ameshaondoka na swali. Wazoefu huusikiliza mwendo wa sauti ya mtangazaji na kubonyeza pale neno la mwisho linapokatika. Na kwa kuwa vipindi vitano hurekodiwa kwa siku moja, bingwa wa alasiri ana mazoezi ya asubuhi nzima kidoleni, akikabiliana na wageni wawili walioshika kitufe hicho kwenye majaribio tu. Wote watatu walichujwa kwa mtihani. Maswali mengi wote watatu wanayajua. Waliofuatilia Zain Africa Challenge, mashindano ya chemsha bongo ya vyuo yaliyoendeshwa na John Sibi-Okumu, wanakumbuka nyuso za vijana waliojua jibu na hawakuwahi.

La pili ni dau. Jennings alishinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004 na kupata dola 2,520,700. James Holzhauer, mcheza kamari wa kulipwa kutoka Las Vegas, alishinda 32 tu mwaka 2019, akapata 2,462,216. Gawanya mwenyewe: Jennings kama 34,000 kwa mchezo, Holzhauer karibu 77,000. Sidhani kama yupo atakayedai kwamba Holzhauer alijua mara mbili ya Jennings. Alianza na maswali ya bei kubwa ili ajaze kibindo mapema, kisha akayasaka yale maswali matatu yaliyofichwa ubaoni ambayo mshindani hupanga dau lake peke yake. Hujaelewa? Hesabu ni hii: ikiwa unajibu sahihi mara tisa kati ya kumi, dau la dola 10,000 hukupa kwa wastani faida ya 8,000, dau la 2,000 hukupa 1,600. Wengi huchagua la pili kwa woga. Tarehe 17 Aprili 2019 kipindi kilichorushwa kilimwonyesha Holzhauer akiondoka na dola 131,127 kwa mchezo mmoja.

Jennings naye alianguka kwa dau kabla hajaanguka kwa swali. Kwa kawaida alifika swali la mwisho akiwa mbali kiasi kwamba jibu halikuwa na uzito. Siku aliyotolewa alikuwa amekosa maswali mawili yaliyofichwa, hivyo akaingia mwishoni na 14,400 dhidi ya 10,000 za mpinzani wake, Nancy Zerg. Akaandika FedEx badala ya H&R Block, na safari hii kosa lilihesabiwa.

Sasa kwa wale wanaodai "tupe cha kufanya". Acha kurudia kusoma, jiulize maswali: watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja waliojipima hukumbuka zaidi ya waliosoma tena. Andika kadi, uzirudie kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Roger Craig, aliyeweka rekodi ya dola 77,000 kwa mchezo mmoja mwaka 2010, aliyachambua maswali ya zamani kwa kompyuta kujua yapi hujirudia, kisha akajifunza hayo. Somo likikuchosha, chukua kitabu cha watoto chenye picha. Holzhauer alifanya hivyo, maana maswali haya ni mapana na si ya kina. Vidonge vya kumbukumbu muachie muuzaji. Kwa kitufe, shika kalamu ya kubofya, washa taarifa ya habari, na ubofye kila msomaji anapomaliza sentensi, si kabla.