Mchezo uliofungwa na mwenye mali, ukafufuliwa na wateja

Tarehe 4 Januari 2024, kundi la wachezaji wa kujitolea liitwalo Homecoming lilitangaza kwamba limepewa leseni ya kuendesha mchezo wa mtandaoni wa City of Heroes. Aliyetoa leseni ni NCsoft, kampuni ya Korea Kusini iliyoufunga mchezo huohuo mwaka 2012. Kwa karibu miaka mitano kabla ya hapo, mashabiki hao walikuwa wakiuendesha bila idhini. Si kawaida mwenye hakimiliki kuketi meza moja na watu ambao angeweza kuwaburuta mahakamani, na ndiyo maana makubaliano hayo yana somo kwa kila anayeuza au kununua bidhaa za kidijitali.

City of Heroes ulizinduliwa Aprili 2004 nchini Marekani, ukiwa umebuniwa na Cryptic Studios na kuchapishwa na NCsoft. Kwa ada ya takriban dola 15 kwa mwezi, mchezaji alijiundia shujaa, akamchagulia nguvu na mavazi, kisha akaungana na wenzake kupambana na wahalifu katika jiji la kubuni la Paragon. Mwaka 2007 NCsoft ilinunua haki za mchezo, na mwaka 2011 ikafungua mlango kwa wasiolipa ada. Tarehe 31 Agosti 2012 ikatangaza kuufunga, na tarehe 30 Novemba seva zikazimwa. Wafanyakazi wa Paragon Studios, studio ya NCsoft iliyokuwa ikiuendeleza mchezo huo, wakapoteza kazi, na wachezaji wakapoteza mashujaa waliowalea kwa miaka minane.

Hasara ya wachezaji inatokana na jinsi bidhaa hii ilivyoundwa. Kompyuta ya mteja huhifadhi hasa picha na sauti. Kanuni za mchezo, mali na kumbukumbu za kila mhusika hukaa kwenye seva za kampuni. Mteja ni mpangaji, hata kama amelipa kodi kwa miaka kumi. Mwenye nyumba naye hafungi kwa sababu ya hasara peke yake. Mchezo unaweza kuwa unajilipa, lakini wakubwa wakaona wahandisi na fedha zilezile zitazaa zaidi kwenye mradi mwingine.

Mashabiki hawana hesabu hiyo, na hapo ndipo nguvu yao ilipo. Aprili 2019 ilibainika kwamba kikundi kidogo kilikuwa kimeendesha City of Heroes kwa siri kwa takriban miaka sita. Walioachwa nje walikasirika, programu ya seva ikavuja hadharani, na ndani ya wiki chache seva za wazi zikaanza kufanya kazi, za Homecoming zikiwemo. Wanaoziendesha hawalipwi mshahara. Gharama kubwa ni kukodi mitambo, na hiyo hulipwa kwa michango ya wachezaji: dirisha la kuchanga hufunguliwa, lengo likifikiwa hufungwa. Kucheza ni bure.

Utaratibu huo unaokoa fedha, na pia unapunguza hatari ya kisheria. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani iliamuru mwendeshaji wa Scapegaming, seva isiyo rasmi ya mchezo wa World of Warcraft iliyouza vifaa vya mchezo, kuilipa Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, zaidi ya dola milioni 88. Hata hivyo, kutouza si kinga kamili. Nostalrius, seva iliyorudisha World of Warcraft ya miaka ya mwanzo, haikutoza kitu, lakini ilifungwa Aprili 2016 kufuatia barua za wanasheria wa Blizzard, ikiwa na akaunti 800,000 zilizosajiliwa. Wachezaji walikusanya saini kwa maelfu kulalamika. Agosti 2019 Blizzard yenyewe ilizindua World of Warcraft Classic, toleo la zamani lililokuwa likililiwa. Soko lilikuwepo siku zote, na wa kwanza kuliona walikuwa wale waliotishiwa kushtakiwa.

Njia ya maelewano ilikuwa imeshapigwa. Mwaka 2015 Daybreak, wamiliki wa mchezo wa mtandaoni wa EverQuest, walitia saini makubaliano na Project 1999, seva ya mashabiki iliyoanza mwaka 2009. NCsoft imefuata mkondo huo. Haki zimebaki mikononi mwake, masharti yameandikwa, na jina la mchezo wake liko hai bila yeye kulipa mshahara hata mmoja.

Madai ya wachezaji sasa yamefika kwa watunga sheria. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za mchezo wake wa The Crew mwaka 2024, wanunuzi walibaki na mchezo usiowaka. Kampeni iliyofuata ilikusanya zaidi ya saini milioni moja barani Ulaya kufikia mwaka 2025, ikitaka michezo iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka.

Dai hilo ni la haki. Kampuni ina haki ya kuacha biashara isiyoitaka, lakini haki hiyo isiwe rungu la kuangamiza kazi ya wabunifu na mali waliyolipia wateja. Anayefunga mchezo na aweke leseni mezani kwa walio tayari kuubeba. Nawe msomaji, kabla ya kulipia mchezo wowote wa mtandaoni, soma masharti uone umenunua nini, na siku seva zikizimwa utabaki na nini.