Makadirio ya Kodi Yanapofunguliwa Upya Baada ya Kuuza Kiwanja

Mwanachama aliyeuza kiwanja chenye duka na kulipa kodi hudhani kwamba shauri limekwisha. Sivyo. Katika Kenya, Kamishna anaweza kuyarekebisha makadirio ya kodi katika muda wa miaka 5 tangu fomu ilipopelekwa, na pakiwa na udanganyifu au uzembe wa makusudi hafungwi na muda huo. Barua yake ikifika, mwanachama huikimbilia ofisi ya chama, na katibu hana budi kujua la kumwambia.

Kodi ya faida itokanayo na kuuza mali ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 1, 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15. Jambo la kwanza kutazamwa katika barua ni tarehe ya mauzo, kwani aliyeuza mwaka 2021 hutozwa asilimia 5 hata kama makadirio yake yamefunguliwa leo. Wakulima wengi hawaguswi: shamba la mtu binafsi lisilofika ekari 50, lililo nje ya mji, limesamehewa, na vilevile ardhi ya mtu binafsi iliyouzwa kwa thamani isiyozidi shilingi 3,000,000. Misamaha hiyo si ya chama.

Tuseme mwanachama alinunua kiwanja mwaka 1996 kwa shilingi 300,000, akatumia shilingi 100,000 kwa wakili na ada za hati, akajenga duka kwa shilingi 1,200,000. Mwaka 2021 aliuza kwa shilingi 5,000,000, na wakili na dalali wakachukua 200,000. Gharama hizo zote hutolewa. Faida ni shilingi 3,200,000 na kodi ni 160,000. Kamishna akiikataa gharama ya ujenzi kwa kukosa ushahidi, faida hupanda kuwa 4,400,000 na kodi 220,000, bila kuhesabu riba na adhabu. Gharama iliyokwisha kutolewa katika kodi ya mapato ya miaka iliyopita haitolewi tena hapa.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipa kodi. Sheria yataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, lakini hesabu ya kiwanja huanza siku kiliponunuliwa. Kwa hiyo karatasi za ununuzi na ujenzi zitunzwe mpaka miaka 5 ipite baada ya mauzo. Stakabadhi za fundi zikiwa zimeliwa na mchwa, zitafutwe nyingine: mkataba wa mauziano, taarifa za benki, risiti za ushuru wa stempu. Ikiwa mwanachama alijenga kwa mkopo wa chama, daftari la mikopo na kumbukumbu za kamati iliyoupitisha zaweza kuonyesha fedha zilitoka lini na kwa kazi gani. Katibu aliyezitupa leja za zamani ili apate nafasi kabatini amewapotezea wanachama ushahidi ambao hawana pengine pa kuupata.

Pingamizi hupelekwa kwa maandishi katika siku 30 tangu kupokea taarifa. Lisiseme tu kwamba kodi ni kubwa. Litaje kila gharama iliyokataliwa, kiasi chake, sababu, na rekebisho linaloombwa, nyaraka zikiambatishwa; nayo sehemu ya kodi isiyobishaniwa ilipwe, au mpango wa kuilipa ukubaliwe na Kamishna. Aliyechelewa kwa ugonjwa au sababu nyingine ya haki aweza kuomba muda. Kamishna ana siku 60 za kuamua; asipoamua, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akikataa, kuna siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Rufani za Kodi, ambako kwa kawaida mtu hufungwa na hoja alizokwisha kuandika.

Gharama iliyosahauliwa katika fomu ya kwanza, ambayo Kamishna hakuigusa, ina njia yake: mlipa kodi huomba mwenyewe makadirio yake yarekebishwe, naye pia ana miaka 5 ileile.