Muti hausomi kalendari

Bandugu, niwaelezee kosa yangu moja, mwenye anasoma agronomia asiirudilie.

Nilirudi kwetu Yahuma kutengeneza pepinieri ya sapeli pamoja na vijana wa kijiji. Munajua sapeli: ni muti wa mbao, lakini kwa bamama zetu ni kwanza muti wa mbinzo. Mifuko ya udongo ilikuwa tayari, kivuli kimeshajengwa. Mu kaye yangu nilikuwa nimeandika: « Mwezi wa kwanza, kuokota mbegu. » Tukatembea siku tatu mu pori. Hata mbegu moja hatukuona. Papa mwenye alikuwa anatuongoza akaniuliza: « Mwana, maua yake uliiona wakati gani? » Nilikosa jibu.

Kumbe mbegu haianzi siku inaanguka. Inaanza miezi mingi mbele, na kila hatua iko na hali yake ya hewa.

Kwanza maua. Kwetu Tshopo joto halibadiliki sana, kwa hiyo muti unashika alama ndogo: mvua inapunguka, jua linakuwa kali, usiku unakuwa na baridi. Tuko na viangazi viwili vifupi, mwezi wa 12 mpaka wa 2, na mwezi wa 6 na wa 7. Alama isipokuja vizuri, muti unaweza kubakia na majani tu.

Kisha maua inapashwa kupata chavua. Mvua nyingi inaiosha, na wadudu hawaruki. Tunda likishatokea, ukame mukali unaweza kuliangusha likingali changa. Mwisho, mbegu zenye mabawa kama za sapeli zinangoja tunda likauke, lipasuke, upepo uzibebe. Na hata hali ya hewa ikiwa nzuri, sapeli haizai sana kila mwaka.

Hii si maneno ya wazee tu. Kule Lopé, Gabon, watafiti waliona kama miti fulani haitoi maua vizuri kama usiku wa kiangazi haukushuka chini ya digri 19. Mu 1987, ukiangalia miti 10 ulikuta moja iko na matunda ya kuiva. Mu 2020 waliandika kama sasa unapashwa kuangalia zaidi ya 50. Wanafikiri ni joto linaloongezeka. Hata tembo wa pale wamekonda.

Na sisi? Pale Yangambi, karibu km 100 na Kisangani, kutoka 1937 mpaka 1958 watu wa INEAC walikuwa wanaandika kila wiki maua, matunda na majani ya miti karibu 2,000. Siku hizi, kwa sapeli za Yahuma, nani anaandika?

Mwaka ule mifuko yetu iliota majani tu, na vijana walinicheka. Walikuwa na haki. Sasa niko na sapeli 12 zenye nilitia rangi. Kila wiki mbili kijana moja anapita na kaye: maua iko? Tunda bichi? Limeiva? Na chupa iliyokatwa inatupimia mvua.

Ndugu yangu, ukirudi kwenu likizo, chagua miti 10 tu. Uliza wazee, kisha andika tarehe. Diploma yako haitajua wakati wa mbegu kama macho yako hayakuangalia juu.